Mpe Kila Akuombaye: Imani ya Kikristo na Mtu Asiye na Pa Kulala

Ni amri chache za Yesu zinazowekewa masharti upesi kama ile ya Luka 6:30: “Mpe kila akuombaye.” Watu wanaoamini bila kusita kwamba bahari iligawanyika na kwamba aliyezikwa Ijumaa alifufuka Jumapili, wakifika kwenye mstari huu hugeuka mawakili. Je, kama ni mlevi? Kama ana mikono na miguu mizima? Kama kuna mtu anamsubiri kona ya pili aje akusanye hesabu? Si afadhali nitoe kanisani, wenye ujuzi wakagawe?

Maswali hayo si ya kipuuzi, na Wakristo hawakuanza kuyauliza jana. Yameulizwa tangu karne za mwanzo za Kanisa, yamewapa maaskofu misimamo tofauti, na katika karne ya 16 yaliwatoa jasho wanatheolojia wakubwa wa Ulaya. Kinachovuruga mjadala ni kwamba mambo tofauti huulizwa kwa pumzi moja: kama nina wajibu kwa mtu huyu, kama nina haki ya kumchunguza kabla sijampa, na kama nikimpa, nimpe nini. Sifichi upande wangu: swali hilo la mwisho, ambalo kweli ni gumu, mara nyingi hutumika kulikimbia la kwanza, ambalo Maandiko yalishalijibu bila kumung'unya maneno.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Asiye na makazi na ombaomba si lazima awe mtu mmoja. Wapo wanaoomba barabarani na jioni wanarudi kwenye chumba chao, na wapo wengi wasio na pa kulala ambao hawajawahi kunyoosha mkono: mama anayelala na wanawe kwenye sebule ya jamaa aliyekwisha kuchoka naye, kijana anayelala ndani ya gari, mtu anayehama kituo kimoja cha basi hadi kingine ili aonekane msafiri. Walifikaje huko? Kodi ilipanda kuliko kipato, kazi ikakatika, ndoa ikavunjika, ugonjwa wa akili ukaja bila tiba. Mwingine alikimbia kipigo. Mwingine alitoka gerezani, au alilelewa kituoni akafikisha umri wa kuondoka, mlango ukafungwa nyuma yake. Ulevi na dawa za kulevya ni chanzo kwa baadhi yao. Kwa wengine vilianza baada ya kufika mtaani, kama njia ya kupata usingizi kwenye baridi na woga. Anayepita haraka hawezi kutofautisha hadithi hizo, na hilo tutalirudia.

Je, nina wajibu? Hapa mapokeo ya Kikristo hayana utata mkubwa. Kumbukumbu la Torati 15:11 inasema maskini hawatakoma katika nchi, na hapohapo inaamuru mkono ufumbuliwe. Kwa hiyo anayenukuu maneno ya Yesu ya Mathayo 26:11, kwamba maskini mnao siku zote, kama udhuru wa kukaa kimya, ananukuu nusu ya sentensi ambayo wasikilizaji wa Yesu waliijua yote. Isaya 58:7 anaitaja hali yenyewe tunayoijadili: mfungo anaoutaka Mungu ni pamoja na “kuwaleta maskini waliotupwa nje nyumbani kwako.” Na Mwana wa Adamu alijisemea mwenyewe kwamba “hana pa kulaza kichwa chake.”

Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa karne zake za mwanzo, walilisukuma jambo hili mbali kuliko wahubiri wengi wa leo wanavyothubutu. Basili Mkuu, aliyekuja kuwa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alihubiri juu ya yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala ajenge kubwa zaidi. Alimwambia msikilizaji wake kwamba mkate anaoushikilia ni wa mwenye njaa, vazi lililofungiwa sandukuni ni la aliye uchi, na viatu vinavyooza kwake ni vya asiye na viatu. Hakusema ungekuwa mtu mwema sana kama ungevitoa. Alisema si vyako. Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, aliwaelekeza wachungaji wafundishe vivyo hivyo: tunapowapa maskini mahitaji yao tunawarudishia kilicho chao, na tunalipa deni la haki kuliko kutenda tendo la huruma. Thoma wa Akwino katika karne ya 13 akaifikisha hoja ukingoni: katika dhiki kuu mali hurudi kuwa ya wote, na mtu anayechukua cha mwingine, waziwazi au kwa siri, ili asife hafanyi wizi.

Uzito wa mafundisho haya uko kwenye namna yanavyogeuza nafasi za watu wawili. Tumezoea kudhani mpitanjia ndiye mwenye mali na aliyeketi chini ndiye mwenye kujieleza. Kama Basili yuko sahihi, mpitanjia ndiye mdaiwa, na mdaiwa hana desturi ya kumuuliza anayemdai fedha atazitumiaje.

Wapo watakaoingiwa na wasiwasi hapa: je, huku si kununua wokovu kwa sadaka? Wasiwasi huo una historia. Mapokeo ya kale yalisema wazi kwamba sadaka hufuta dhambi, na baadhi ya matajiri walitoa kwa hesabu ya kibiashara, roho zao zikiwa kwenye daftari. Martin Luther alilipinga hilo kwa nguvu zote. Katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo alieleza kwamba kwa kuwa mwamini amekwisha kupokea kila kitu kwa neema, matendo yake hayana tena faida ya kumtafutia Mungu, basi yote yanabaki kwa ajili ya jirani. Ukiitazama vizuri, hoja hiyo haipunguzi kutoa hata kidogo. Inamtoa mtoaji katikati ya picha tu. Yakobo naye, anayemkejeli mtu anayemwambia ndugu aliye uchi akaote moto na kushiba bila kumpa kitu, hazungumzii bei ya mbinguni. Anauliza kama imani ya namna hiyo iko hai. Na katika Mathayo 25 waliowalisha wenye njaa wanashangaa kuambiwa walimlisha Mfalme. Hawakuwa wakiweka akiba, hata hawakujua.

Kuhusu Mathayo 25 kuna ubishi wa wafasiri ambao ni haki kuutaja. Yesu anasema “hao ndugu zangu walio wadogo,” na wapo wanaoshikilia kwamba hao ni wanafunzi wake tu, hasa wale waliotumwa kuhubiri wakakosa chakula na malazi njiani. Hoja hiyo ina mashiko ya kisarufi katika Injili yenyewe. Lakini haisaidii sana kumfungia mlango asiye wa kundi letu, kwa sababu Wagalatia 6:10 inasema tuwatendee watu wote mema, “na hasa jamaa ya waaminio,” na hiyo “hasa” haifuti “wote.” Ushahidi wa jinsi Wakristo wa kale walivyoielewa unatoka kwa adui yao. Mwaka 362 Kaisari Juliani, aliyeukana Ukristo na kutaka kuifufua ibada ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mmoja akilalamika kwamba ni aibu: Wagalilaya wale (ndivyo alivyowaita Wakristo) wasiomcha mungu wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia.

Haya, wajibu upo. Nichunguze au nisichunguze?

Maandiko mawili ya Kikristo ya kale sana yanatofautiana hapa waziwazi. Kitabu kiitwacho Mchungaji wa Hermas, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kinasema toa kwa wote kwa unyofu, bila kusitasita nani umpe na nani usimpe, kwa maana waliopokea watatoa hesabu mbele za Mungu kwa nini walipokea. Mtoaji hana hatia. Didake, mwongozo wa maisha ya kanisa wa zamani hizohizo, unaanza kwa kurudia amri ya kumpa kila aombaye, kisha mistari michache mbele unanukuu msemo wa ajabu: sadaka yako itoke jasho mikononi mwako mpaka umjue unayempa. Na baadaye unaweka utaratibu kamili kwa mgeni anayepita. Asaidiwe kadiri iwezekanavyo, akae siku mbili, au tatu ikilazimu; akitaka kuhamia, afanye kazi ale.

Watu huchagua andiko linalowapendeza. Nadhani tofauti inapungua sana ukiuliza ni nani anayetoa, na anatoa kutoka wapi. Tangu mwanzo Wakristo walitoa kwa njia mbili. Moja ni mkono kwa mkono. Nyingine ni mfuko wa pamoja: Yustino Mfiadini, akiandika katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba kila Jumapili wenye nacho walitoa kwa hiari, na yaliyokusanywa yaliwekwa kwa kiongozi wa ibada, naye akawahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mwaka 251 askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake liliwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Mwishoni mwa karne ya 4 mhubiri mashuhuri Yohane Krisostomo alitaja wajane na mabikira 3,000 waliokuwa kwenye orodha ya kanisa la Antiokia. Mfuko wa namna hiyo usipokuwa na orodha, maswali na ukaguzi, unaibiwa, na anayeibiwa ni mjane. Shemasi anayechunguza analinda cha wengine. Basili yuleyule aliyesema mkate si wako aliandika katika barua kwamba kumtofautisha mhitaji wa kweli na mwenye tamaa kunahitaji uzoefu, ndiyo maana waumini wa kwanza waliweka mali miguuni pa mitume.

Mtu binafsi mbele ya mtu binafsi yuko mahali pengine. Hana orodha wala muda, na uzoefu wenyewe hana. Uchunguzi wake ni wa kutazama viatu na kunusa pumzi, na hukumu anayoifikia kwa sekunde tano ni ya dharau kuliko ya busara. Krisostomo aliliona hili vizuri. Katika mahubiri yake juu ya Lazaro na tajiri, aliyoyatoa Antiokia, alimfananisha mtoa sadaka na bandari: meli ikivunjika, bandari huwapokea wote waliookoka, wema na wabaya, bila kuwauliza walifanya nini baharini. Ukimwona mtu amevunjikiwa na meli nchi kavu, alisema, usikae kuwa hakimu wake. Akaongeza kwamba dhiki ya maskini peke yake ndiyo stahili yake.

Ndiyo, utadanganywa. Anayetoa mkono kwa mkono kwa miaka mingi hatakosa kudanganywa, na sioni kwa nini jambo hilo linaogopwa kuliko kosa la upande wa pili. Kumpa asiyehitaji kunakugharimu kiasi ulichotoa. Kumnyima anayehitaji kunamgharimu yeye usiku mzima.

Karne ya 16 ndiyo iliyofanya ubishi huu kuwa wa sheria, na yaliyosemwa wakati ule bado ndiyo yanayosemwa kwenye mabaraza ya miji leo. Miji ya Ulaya ilikuwa imejaa watu waliong'olewa mashambani na vita na njaa. Mwaka 1520 Luther alitaka kuomba-omba kukomeshwe katika nchi za Kikristo, kila mji uwatunze maskini wake. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, kwa ushauri wake, ukaanzisha kasha la pamoja la kuwahudumia. Mji wa Ypres, katika Ubelgiji ya leo, ukapanga upya misaada mwaka 1525 na kuzuia kuomba hadharani. Mwaka uliofuata Juan Luis Vives, Mkatoliki kutoka Hispania, akawaandikia wakuu wa mji wa Bruges kitabu kizima: wahesabuni maskini, watafutieni kazi wanaoweza, watibuni wagonjwa, wasomesheni watoto, msiwaache wazurure wakiomba. Mengi ya mawazo hayo yalikuwa ya huruma kweli, na ya kisasa kuliko wakati wake.

Aliyesimama kuyahoji ni Domingo de Soto, mtawa Mdominika wa Salamanca, Hispania, mwaka 1545. Hakupinga mji kuwatunza maskini. Alipinga kumnyima mtu haki ya kuomba kabla hajahakikishiwa mahitaji yake, na kumfukuza mgeni eti si maskini wa hapa. Aliuliza pia kwa nini sheria inakuwa kali na makini hivi inapochunguza hila za maskini kuliko hila za wengine. Na aliona hatari nyingine: maskini wakifichwa nyuma ya kuta za taasisi, matajiri hawatawaona tena, na huruma isiyoona mtu hunyauka. Mwaka huohuo Juan de Robles, mmonaki Mbenedikto, akamjibu kwa kitabu cha kuutetea mpango mpya.

Historia iliyofuata haikumpa ushindi mmoja wao. Mfuko wa umma, hospitali na bima vimeokoa watu wengi kuliko sarafu za mlangoni pa kanisa. Lakini ile sehemu ya kuzuia imeishi maisha yake yenyewe, mara nyingi bila ile ya kutunza. Uingereza ilitunga sheria ya mwaka 1824 iliyofanya kulala nje kuwa kosa. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala kwenye viwanja vya umma hata pasipo na kitanda cha kuwapeleka. Soto angeitambua kesi hiyo mara moja.

Hapa ndipo mtu hunikumbusha 2 Wathesalonike 3:10: “ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula.” Sawa. Paulo anawaandikia waumini wa kanisa moja, watu wanaofahamiana kwa majina, kuhusu ndugu wenzao walioacha shughuli zao na kuanza kuingilia za wengine. Anasema juu ya asiyetaka. Hakuandika kuhusu asiyepata kazi, wala asiyeweza kuamka kwa sababu ya maradhi, wala asiye na mahali pa kuoga kabla ya usaili. Aya tatu mbele anawaambia wasikate tamaa katika kutenda mema, kana kwamba alijua aya ya kumi ingetumiwa vipi.

Sasa kuhusu nini cha kutoa, na hapa nalegeza sauti, kwa sababu hakuna jibu moja.

Wengi huona usalama katika kutoa vitu badala ya fedha. Mara nyingine ni sahihi. Soksi safi, kwa mfano, hazikosi kazi kwa mtu anayetembea kutwa na kulala na viatu ili visiibwe. Lakini vitu vina shida zake. Asiye na nyumba hana kabati, jiko wala jokofu, hivyo koti la tatu ni mzigo na unga ni kejeli. Anachohitaji huenda ni nauli, kuchaji simu, kupiga picha za pasipoti ili apate tena kitambulisho kilichopotea na mkoba wake, na bila kitambulisho hapati kazi wala chumba. Hayo hununuliwa kwa fedha.

Kuhusu hofu kwamba fedha itanywewa, kuna utafiti uliofanyika Vancouver, Kanada, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2023. Watu 50 wasio na makazi walipewa kila mmoja dola 7,500 za Kanada kwa mkupuo mmoja bila masharti, wakalinganishwa na 65 ambao hawakupewa. Kwa wastani, katika mwaka mmoja waliopewa walipunguza siku 99 za kukaa bila makazi kuliko wenzao, na matumizi yao ya pombe na dawa za kulevya hayakupanda. Haki inadai niongeze kwamba washiriki walichujwa: watu wenye uraibu mkali au ugonjwa mkali wa akili hawakuingizwa. Kwa hiyo utafiti hausemi kila fedha mtaani ni salama. Unasema dhana yetu ya kawaida, kwamba asiye na makazi hawezi kuaminiwa na fedha, ni uvumi.

Kwa mtu ambaye unaona kabisa uraibu umemshika, sioni kosa kwa anayeamua kumpa chakula na kuketi naye badala ya noti. Wala sioni kosa kwa anayempa noti. Kosa ninaloliona ni la anayetumia uraibu wa mmoja kuwanyima kumi.

Watoto ni habari nyingine kabisa. Mtoto anayeomba huenda amewekwa pale na mtu mzima anayechukua chote, na kadiri anavyoingiza ndivyo asivyoachiwa aende shule. Kumlazimisha mtoto kuomba ni unyonyaji ambao sheria za nchi nyingi huutaja kwa jina. Hapo sarafu inaweza kumlipa mnyonyaji. Mpe mtoto chakula akile mbele yako, zungumza naye, na ukarimu wako uliobaki uupeleke kwa wanaoshughulika na ulinzi wa watoto, wenye uwezo wa kufuatilia usichoweza kufuatilia wewe. Huu ndio mfano mmoja ambapo kuchunguza kabla ya kutoa ni upendo.

Kwa mtu mzima, njia fupi ya kujua anahitaji nini ni kumuuliza. Bartimayo alikuwa kipofu, ameketi kando ya njia akiomba, na kila mtu Yeriko aliweza kubahatisha shida yake. Yesu alimuuliza hata hivyo: “Wataka nikufanyie nini?”

Kutazamana kunahesabika pia. Petro na Yohana, walipokutana na kiwete kwenye mlango wa hekalu katika Matendo 3, walimkazia macho wakamwambia awatazame, ndipo Petro akasema hana fedha. Katika mfano wa Luka 16 maskini aliye mlangoni ana jina, Lazaro, na tajiri hana. Na huyo tajiri hashitakiwi kwa kumpiga wala kumfukuza Lazaro. Alipita tu, kila siku, mlango uleule. Watu waliowahi kulala nje husema mara nyingi kwamba kinachouma kama njaa ni siku nzima kupita bila mtu kukuita jina lako.

Kuna namna za kutoa ambazo zinaliua jambo lenyewe. Kumpanga mtu kwenye foleni ya picha akiwa ameshika mfuko wa msaada ni kumlipisha, na Mathayo 6:3, inayotaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, haikuacha nafasi ya kamera. Kumlazimisha asikilize mahubiri kabla ya sahani ni biashara pia. Mhubirie akitaka, baada ya kula, na akikataa arudi kesho ale tena.

Krisostomo ana mahubiri mengine ambayo huwa nayakumbuka kila ninaposikia “waende kwenye taasisi.” Alikuwa askofu wa Konstantinopoli sasa, akifafanua Matendo ya Mitume, na kanisa lake lilikuwa na nyumba ya wageni na maskini iliyoendeshwa vizuri. Waumini walimjibu: si kanisa linayo nyumba hiyo? Akawauliza kama kanisa likisali, wao wanasamehewa kusali. Tengeni chumba kimoja nyumbani kwenu, aliwaambia, wekeni kitanda, meza na taa, kiwe cha Kristo. Hakuwa akiibeza taasisi. Alikataa igeuzwe kuwa njia ya kuwakodi wengine wawe wakarimu kwa niaba yetu.

Mwaka 1933 mjini New York, katika mdororo mkuu wa uchumi, Dorothy Day na Peter Maurin walianzisha harakati ya Catholic Worker, na nyumba zao za ukarimu zikajaribu kuuchukua wito huo kama ulivyo: walioishi humo walikula meza moja na waliotoka mtaani. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha mwanamke aliyemletea Day pete ya almasi. Day akaitoa kwa bibi kizee mmoja aliyekuwa akija kula. Wenzake wakasema ingeuzwa, ingemlipia kodi mwaka mzima. Day akajibu kwamba bibi ana hadhi yake, anaweza kuiuza alipe kodi au kuivaa kama ilivyovaliwa na aliyeileta, au mnafikiri Mungu aliumba almasi kwa ajili ya matajiri tu? Mimi ningeiuza, nakiri. Lakini naelewa kwa nini kisa hicho hakifi.

Siyo kila nyumba inaweza kumpokea mgeni asiyejulikana. Wapo watoto, wapo wanaoishi peke yao, na uzembe si ukarimu. Ndiyo sababu kiasi na namna ni vizuri viamuliwe mapema, mtu akiwa ametulia, kuliko kuviacha viamuliwe na aibu ya kona ya barabara. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, anasimulia habari za kijana mmoja wa Oxford, ambaye wengi huamini ni yeye mwenyewe. Kipato chake kilipokuwa pauni 30 kwa mwaka aliishi kwa 28 akatoa 2. Kilipopanda hadi 60 aliishi kwa 28 ileile, akatoa 32. Kikapanda tena, na ile 28 haikusogea. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, wahenga walisema. Wesley aliongeza daftari.

Bado noti, soksi na jina havimpi mtu paa. Basili alilijua hilo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 370 alikuwa amejenga nje ya Kaisaria mahali pakubwa pa wasafiri, wagonjwa na wakoma, pakaja kuitwa Basiliada kwa jina lake. Katika wakati wetu, tangu mwanasaikolojia Sam Tsemberis alipoanzisha mpango wake wa nyumba New York mwaka 1992, wataalamu wamejifunza kwamba kwa watu waliokaa nje muda mrefu ni bora kuanza na nyumba, kisha tiba na ushauri vifuate bila kuwa sharti la kubaki na ufunguo. Ufini iliifanya njia hiyo kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Utaona kwamba ni mantiki ya Hermas na Krisostomo ndani ya bajeti ya serikali: kwanza pokea.

Makanisa yana viwanja, kumbi zinazolala tupu siku sita kwa wiki, na waumini wenye vyumba vya kupangisha. Kamati ya mali ya kanisa inayokutana kujadili kiwanja kisichotumika ingeweza kulileta swali la Basili mezani kama ajenda ya kawaida, likapigiwa kura na kuandikwa kwenye muhtasari: kiwanja hiki ni cha nani?